Mafua si ya namna moja: tuangalie kwanza kazi



Wakati wa mavuno ya kahawa, hakuna juma inayopita bila mtu kusema: «Leo siwezi, gripe imenikamata.» Tunamwambia pole, anywe chai ya tangawizi. Ni vizuri. Lakini kuna swali ambalo watu hawaulizaki: huyu mgonjwa anafanya kazi gani?

Mama anayechambua kahawa anakaa kwa meza bega kwa bega na wenzake, tangu asubuhi mpaka jioni. Akiwa na mafua, mara nyingi ni ile ya kuambukizana: mmoja anakohoa, virusi vinaingia kwa jirani yake. Muuzaji wa soko na motari anayebeba wateja mchana kutwa wako katika hatari ileile.

Kwa yule wa mashini ya kukoboa kahawa ao kusaga mahindi, kunaweza kuwa sababu ingine: vumbi. Mtu akivuta vumbi nyingi ya nafaka, zaidi ile yenye kuvu, anaweza kupata homa, baridi na maumivu ya viungo masaa machache kisha kazi. Usiku anatetemeka, kesho ao kesho kutwa amepona. Hakuna aliyemwambukiza. Lakini kama inamrudilia kila mara, mapafu inaweza kuharibika. Kumpa vidonge na kumrudisha kwa vumbi ileile ni kuteka maji na kitunga.

Mfugaji naye ana yake. Tukumbuke kwamba mwaka 2017 homa ya ndege iliua kuku na bata kule Ituri, upande wa Ziwa Albert. Aina zingine za homa hiyo zinaweza kumpata mtu anayeshika kuku wagonjwa ao kunyonyoa waliokufa. Kuku wakifa wengi kwa mara moja, wasiuzwe, wasiliwe, aitwe veterineri.

Na kwa kila mtu, wa meza ao wa shamba, homa inaweza kuwa malaria. Kwa hiyo apimwe, asikisie.

Sasa maoni yetu. Mfanyakazi wa kutwa asipokuja, hapati kitu. Njo maana anaficha kikohozi, anameza kapsuli ya antibiotike aliyonunua barabarani, ambayo haiui virusi vya mafua, na anakaa kwa meza. Siku chache kisha, wenzake nao wanakohoa, na kahawa inalala kwa depo. Feza tuliyokataa kumpa mmoja, tunaipoteza kwa wengi.

Tunaomba koperative ifanye mambo matatu. Kwanza, kase ya mshikamano imlipe mfanyakazi wa kutwa siku mbili za ugonjwa, hata kama ni nusu ya malipo. Pili, maski za kukinga vumbi zinunuliwe na koperative, si na mfanyakazi, na nyumba ya mashini ifunguliwe madirisha pande mbili. Mahindi yakaushwe vizuri, yasiote kuvu. Tatu, yule anayeandika majina ya waliokosa kazi aandike pia kazi yao na siku homa ilianza. Kwa daftari hiyo tutajua kama ugonjwa unatoka kwa meza, kwa mashini ao kwa kuku, na muuguzi wa kituo cha afya atakuwa na kitu cha kusoma.

Wengine watasema kase ni ndogo, na watu watadanganya. Kase ni ndogo kweli. Njo maana tunasema siku mbili, si juma nzima. Na kwa uongo, tunaishi pamoja kijijini: anayelima shamba lake siku ya ugonjwa ataonekana na jirani.

Mkutano mkuu ukikaa mbele ya mavuno, jambo hili liwekwe kati ya yale ya kwanza, na bamama wa meza wapewe neno mbele ya komite kusema.