Mkorosho Umekuwa Wetu, Kompyuta Je?

Utamaduni wa taifa hauishii katika ngoma na mavazi. Umo pia katika maarifa ambayo kwayo watu hujilisha, hujisitiri na husafiri. Taifa lisiloweza kukitengeneza chombo linachokitumia limeazima sehemu ya utamaduni wake, na mwenye chombo aweza kukidai siku yoyote. Wahenga walikwisha kutuonya kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Twataka kulisema neno hili juu ya kompyuta, nasi twalisema kutoka Mtwara, kwa kuwa mkoa huu umelipa gharama kubwa kulijifunza.

Mkorosho asili yake ni Brazili, na Wareno ndio walioufikisha katika pwani ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, nani leo atathubutu kumwambia mkulima wa Newala au wa Tandahimba kuwa mkorosho ni mali ya wageni? Umekuwa wetu kwa sababu mbegu yake haikuja na kufuli. Aliyeiokota aliipanda, na aliyeipanda alijifunza tabia zake. Ulipoingia ugonjwa wa ubwiri unga, watafiti wa Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, waliuchunguza wakatafuta njia za kuukabili, na wakazalisha aina bora za miche ambazo wakulima wetu wazipanda.

Sasa na tuitazame mashine ya kubangulia. Katika miaka ya 1970, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, vilijengwa viwanda vikubwa vya korosho, vingi vikiwa katika mikoa ya kusini, na mitambo yake ilitoka Italia na Japani. Mavuno ya nchi, yaliyofikia tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, yalishuka chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Mitambo nayo ilidai vipuri vya kununuliwa kwa fedha za kigeni, ambazo nchi ilikuwa na uhaba nazo. Viwanda vikanyamaza, na korosho zetu zikaendelea kusafirishwa India zikiwa na maganda yake. Mti uliougua ulitibiwa na wenyewe. Mtambo uliokwama ulisubiri kipuri kutoka ng'ambo.

Je, kompyuta itafuata njia ya mti au njia ya mtambo? Serikali ilifunga kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Hofu ya gharama ilikuwa ya haki, lakini marufuku haimfundishi mtu ufundi. Ilipolegezwa, kompyuta zilirudi zikiwa masanduku yaliyofungwa, nasi tukazipokea kwa kupiga makofi.

Leo hata jasho la mkulima lapita humo, maana tangu msimu wa 2024/25 korosho zimenadiwa kwa mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania. Na tazama jinsi tulivyo dhaifu. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilizo chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikadorora nchi nzima. Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10, na kompyuta nyingi zilizo nzima kabisa zikakataliwa na mfumo uliofuata. Mashine haijaharibika, lakini mtu aliye mbali ameihukumu kuwa imekufa!

Njia nyingine ipo. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ni ya namna hiyo, na zipo aina zake nyepesi zinazoendesha kompyuta kuukuu. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyozungumza Kiswahili. Wataalamu wale hawakuhitaji kumbembeleza tajiri yeyote awape kibali.

Wapo watakaosema kuwa programu huria nazo zimetoka ugenini. Ni kweli, na mkorosho pia. Hatuulizi kitu kilizaliwa wapi. Twauliza ufunguo wake anao nani. Wengine watasema kuwa shule hazina budi kufundisha kinachotumika maofisini. Hiyo ni kasumba. Mwanafunzi aliyeelewa jinsi mashine inavyofanya kazi ataitumia yoyote atakayoikuta, lakini aliyekariri vibonyezo vya kampuni moja atakuwa mteja wake maisha yake yote.

Katika pwani yetu, kutoka Mikindani hadi Msimbati na mdomo wa Ruvuma, mashua hukalafatiwa ufukweni, mbele ya macho ya watoto. Ubao ukioza hutolewa ubao huo, na chombo hurudi majini. Ufundi huo wa wazi na wa kudumu ndio tunaoutaka katika kompyuta. Basi fedha ya umma isinunue programu ambayo fundi wetu hana ruhusa ya kuifungua. Vyuo vya ufundi vifundishe kutengeneza, visiishie katika kutumia. Kila shule ihifadhi vitabu vyake ndani ya kompyuta zake, ili waya ukikatika baharini somo lisikatike darasani.

Walimu, msikubali msaada wa mashine kabla ya kuuliza ni nani atakayeitengeneza, na kwa ruhusa ya nani. Nanyi wanafunzi, ifungueni kompyuta iliyotupwa stoo mkajue kilichomo. Babu zetu waliipanda mbegu ngeni ikawa yao. Na ninyi muipande hii.