Mji wa Toleo Hili: Pangani

Safari hii tunakwenda Pangani, mji mdogo ulio kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Tanga. Umekaa ukingoni mwa mto wa jina hilohilo, pale unapoingia Bahari ya Hindi. Ng'ambo ni Bweni na vilima vyake. Kwa miaka mingi watu na magari wamevuka kwa kivuko.

Katika karne ya 19 hii ilikuwa bandari ya misafara. Pembe za ndovu zilishuka kutoka bara, na kandokando ya mto watumwa walilima miwa katika mashamba makubwa. Mwenye shamba mmoja, Abushiri bin Salim, aliongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888. Walimnyonga papa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Baadaye reli ikajengwa kutoka Tanga, ikafika Moshi mwaka 1911. Mizigo ikaifuata reli, na Pangani ikabaki na minazi, katani, uvuvi na majumba yake ya kale.

Historia haikuishia hapo. Maji ya mto huu yanatoka Kilimanjaro na Meru. Kabla ya kufika mjini humwagilia mashamba, hujaza bwawa la Nyumba ya Mungu na kuzungusha mitambo ya umeme. Mtambo mkubwa kuliko yote mtoni, wa megawati 68, ulijengwa miaka ya 1990 kwa fedha za Ufini, Norwei na Uswidi. Kwa hiyo walipa kodi wa huku Stockholm nao wana sehemu yao katika mto ule.

Mto ukipungua nguvu, bahari huingia. Siku hizi maji yakijaa, chumvi hupanda mbali zaidi kuliko zamani na kufikia mashamba ya ukingoni. Mkulima wa Pangani hakupanga umwagiliaji wa huko juu wala mitambo ya umeme, lakini chumvi anaionja yeye.

Umeme ni neema, hilo halina ubishi. Ila darasani tunapojadili misaada ya Uswidi, tusihesabu megawati peke yake. Tuulize pia maji ya mlangoni mwa mto yana ladha gani.

Toleo lijalo tutapanda milimani, Lushoto.