Msimlishe Mjomba kwa Huruma

Wajomba zangu, mama zangu wakubwa na wadogo, na nyinyi binamu mliobaki Newala na mlioshukia Masasi kutafuta maisha,

Mimi huku Cardiff sijambo, hofu ni kwenu, na safari hii siandiki hivyo kwa mazoea ya barua. Tangu mjomba arudi kutoka Dar es Salaam, baada ya kuzibuliwa mshipa wa moyo pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, nikipiga simu nauliza amekula nini, nanyi mnanijibu kwa furaha. Jana supu ya makongoro. Leo kuku wa kukaanga na ngozi yake. Wageni wa Masasi wameleta kreti ya soda, wa Kitangari wameleta ndoo ya maandazi. "Mashavu yamerudi," mnaniambia. Naiandika barua hii wazi, isomwe barazani, kwa sababu najua si nyumba yetu peke yake inayomlisha mgonjwa wa moyo namna hiyo.

Sibezi huruma yenu. Kwetu mgonjwa akikonda, lawama inawaangukia waliobaki naye nyumbani, na majirani wanaanza kunong'ona ugonjwa mwingine. Na supu ilikuwa na sababu yake. Wazee wetu waliuguza malaria, kuhara na njaa ya miezi ya kusubiri mavuno, maradhi yanayomla mtu mwili. Aliyenusurika alihitaji kurudishiwa nyama na mafuta yaliyopotea. Mjomba hakupotelewa na mafuta. Mafuta ndiyo yaliyojijenga miaka na miaka ndani ya kuta za mishipa inayoulisha moyo wake, mpaka siku ukuta ulipopasuka, damu ikaganda pale na njia ikafungwa. Madaktari wamepafungua mahali palipoziba. Hawakumpa mishipa mipya. Iliyobaki ni ileile, nayo inaendelea kupokea kile mnachompakulia.

Msidhani haya ni maradhi ya mabwana wa mijini. Julai 2020 tulipomzika Rais mstaafu, Mzee Mkapa, pale Lupaso, familia yake ilieleza kwamba alikuwa akitibiwa malaria, kisha moyo ukasimama. Moyo kusimama na mshipa wa moyo kuziba si kitu kimoja, lakini nyumba ngapi kwetu mtu ameanguka ghafla na jina la ugonjwa halikujulikana? Watafiti wa hospitali ya KCMC kule Moshi, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, walipowapima kwa makini watu waliofika na maumivu ya kifua au kukosa pumzi, walikuta mashambulio ya moyo mengi kuliko yaliyokuwa yakitambuliwa. Mjomba mwenyewe alianza kwa kusema ni kiungulia.

Sasa niwaambie la huku ninakoishi, kwa maana Wales ina kisa chake katika habari hii. Mimi nafanya kazi jikoni mwa hospitali, napanga trei za wagonjwa. Miaka ya themanini, watafiti wa hapa Cardiff, kiongozi wao akiwa daktari aitwaye Michael Burr, waliwachukua wanaume 2,033 waliokuwa wamepona shambulio la moyo, wakawagawa kwa ushauri. Wapo walioambiwa wapunguze mafuta, wapo walioambiwa waongeze nafaka zisizokobolewa, na wapo walioambiwa wale samaki wenye mafuta, gramu 200 hadi 400 kwa wiki. Matokeo yalitoka mwaka 1989. Baada ya miaka miwili vifo katika kundi la samaki vilikuwa pungufu kwa karibu asilimia 29. Makundi mengine hayakuonyesha nafuu hiyo.

Samaki wenyewe ni akina nani? Ni ndugu wa vibua vyenu na dagaa wenu. Kibua wa huku anauzwa amefukizwa moshi na kufungwa kwenye karatasi, bei inauma, na mimi humla nikikumbuka meza za soko la Masasi ambako mtu hupita bila kugeuza shingo akielekea kwenye bucha. Lakini niseme na upande wa pili, kwa sababu mganga asemaye upande mmoja si mganga. Burr huyohuyo alifanya utafiti mwingine kwa wanaume wenye maumivu ya kifua ya muda mrefu, akautoa mwaka 2003, na safari ile samaki hawakuleta faida. Samaki peke yake, basi, si dawa ya kuning'iniza shingoni. Lazima tuangalie sahani nzima.

Kuhusu sahani nzima, nendeni Lyon, Ufaransa. Kuanzia mwaka 1988 watu 605 waliokwisha kupata shambulio la kwanza waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja liliendelea na ushauri wa kawaida wa madaktari wao. Fungu la pili likafundishwa kula kama wakulima wa pwani ya Mediterania: mkate zaidi, jamii ya maharage zaidi, majani na matunda kila siku, samaki zaidi, nyama nyekundu kidogo, na siagi ikabadilishwa kwa mafuta ya mimea. Mashambulio mapya na vifo vya moyo katika fungu hilo vilipungua kwa zaidi ya nusu, na baada ya takriban miaka minne nafuu ilikuwa bado ipo. Wapo waliosema watu 605 ni wachache. Haya, kule Córdoba, Hispania, wakachukuliwa wagonjwa wa moyo 1,002 na kufuatiliwa miaka saba, matokeo yakatoka mwaka 2022. Chakula cha aina hiyo kilikishinda chakula cha kupunguza mafuta tu.

Hapo ndipo penye neno langu. Mgonjwa wa moyo haponi kwa kunyimwa. Kumwondolea mjomba nyama na kumwachia ugali mkubwa wa muhogo na mchuzi mwepesi ni kumwadhibu bila faida, maana muhogo ni wanga, na protini yake haitoshi hata kutajwa. Kinachomsaidia ni kile kinachowekwa mahali pa kilichoondolewa. Na kinachotakiwa kuwekwa, jamani, kimejaa Newala tele, ila tumekizoea kama cha kuuza au cha maskini.

Anzeni na mbaazi. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kwake, bei ilianguka na magunia yakalala ndani. Mlilia, na mlikuwa na haki ya kulia. Mimi leo naiona hasara ile kwa jicho jingine: tulikuwa tumelala juu ya chakula ambacho Wafaransa wale walifundishwa darasani kukila, na kwetu kijana aliyetoka Dar likizo anaona haya kupakuliwa mbaazi mbele ya rafiki zake. Kunde, choroko na njugu mawe ni ukoo huohuo. Mjomba akila bakuli ya mbaazi mara nne au tano kwa wiki mahali pa nyama, mmemtendea jambo kubwa kuliko supu zote za makongoro.

Halafu mafuta. Hapa nitakaa kidogo. Mafuta ya kupima mnayonunua dukani kwa kikombe mara nyingi ni mawese yaliyosafishwa, na karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayoganda, ile inayopandisha lehemu katika damu. Tui la nazi tunalolipenda limezidi, kwa kuwa karibu sehemu tisa kwa kumi za mafuta yake ni za aina hiyo. Katika ufuta ni kama sehemu moja kwa saba tu. Sasa tazameni tunavyofanya. Ufuta wetu wote tunaupeleka mnadani, ukapande meli, kisha tunarudi dukani kununua kwa kikombe mawese yaliyovuka bahari kutoka Malaysia na Indonesia. Tunauza tiba na kununua ugonjwa, na duka linatukopesha!

Bibi yetu hakuunga mboga kwa mafuta ya duka. Kisamvu chake kilikuwa na karanga zilizotwangwa, na mwaka karanga zikiwa haba alitwanga korosho zilizovunjika, zile ambazo mnunuzi alizikataa. Karibu nusu ya uzito wa korosho ni mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni ya aina isiyoganda. Konzi moja kwa siku inamfaa mjomba, mradi zisiwe zile za barabarani zilizokaangwa na kumwagiwa chumvi.

Chumvi ndiyo adui anayekuja amevaa nguo ya rafiki. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asivuke gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana, kwa vyakula vyote pamoja. Ng'onda mmoja aliyepanda kutoka pwani anaweza kuimaliza posho hiyo kabla hamjaonja mchuzi. Simkatazi ng'onda, maana najua samaki wabichi hawafiki Newala kila siku. Mlowekeni usiku, mwageni maji, mlowekeni tena asubuhi, kisha msitie chumvi nyingine chunguni. Ndimu na pilipili zifanye kazi yake.

Majani najua yana shida. Anayetuambia tule mboga za majani kila siku hajawahi kuishi kwenye uwanda usio na mto, ambako mama zetu walishuka mteremko kwa ndoo moja ya maji na kupanda nayo kichwani. Wakati wa kiangazi bustani ni anasa. Ndiyo maana majani ya kunde yalianikwa yangali mengi, yakatunzwa. Mfanye hivyo tena, kivulini, si juani. Na maboga, mapapai, maembe kwa msimu wake, pamoja na mabibo. Bibo bichi lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, nasi tunaliacha lioze chini ya mkorosho au tunaligeuza uraka na nipa. Kwa mjomba uraka ukae mbali na nipa ikae mbali zaidi, na tumbaku asiiguse tena maisha yake yote. Hilo la tumbaku sijadiliani na mtu.

Msinielewe kwamba kila cha zamani ni salama. Mwaka 1988, ukame ulipobana, watu wa wilaya ya Masasi walidhurika kwa sumu ya muhogo mchungu ulioandaliwa harakaharaka. Cha zamani kina kanuni zake, na anayeruka kanuni anaumia.

Ninaloliogopa zaidi ni miezi ya fedha. Minada ya korosho ikianza Oktoba, malipo ya vyama vya ushirika, TANECU na MAMCU, yakiingia, kila kona kuna jiko la nyama na chipsi, na mjomba kama mkubwa wa ukoo ataitwa kila sherehe na kuwekewa sahani ya heshima yenye mafuta kuliko zote. Nanyi binamu mnaopokea senti zangu, nimesikia zinakwenda wapi. Nitaendelea kutuma. Ila za mjomba zinunue vibua, mafuta ya alizeti na dawa.

Sasa ombi kubwa. Msimpikie mjomba chungu chake peke yake. Huku nimeona wagonjwa wakirudi wodini mara ya pili, na wengi wanasimulia habari moja: nyumbani walitengewa sahani isiyo na ladha huku wenzao wakila vinono mbele yao, wakavumilia kidogo, wakachoka. Mtu wa kwetu hali peke yake. Ukimtengea unamwambia yeye ni maiti anayesubiri. Chungu kiwe kimoja, kipikwe kwa ajili yake, na nyumba nzima ikile. Hamtapoteza kitu. Ugonjwa wa moyo uliompata yeye unatembea katika ukoo wetu, na nyie vijana wake wa kiume mnaocheka mnaposoma hapa, mara ya mwisho mlipima presha lini?

Dawa zake asiache hata akijisikia ana nguvu. Kisamvu na mbaazi havichukui nafasi ya aspirini, wala ya dawa ya lehemu, wala ya presha. Hospitali ya Ndanda na Mkomaindo hazipo mbali kiasi cha kukosa siku ya kliniki. Akitokea mtu wa kumwambia aache vidonge atumie mizizi, mjomba akaulize kwanza kwa daktari. Na kama kwenye ukoo yupo mwenye valvu ya bandia anayemeza warfarini, yeye asibadilishe ghafla kiasi cha kisamvu na majani anachokula bila kumwambia daktari, kwa sababu mboga za majani zinaingilia kazi ya dawa hiyo.

Mtakaokwenda kumjulia hali, kreti ya soda iacheni dukani. Chukueni papai, au kibaba cha choroko, au kaeni naye jioni mtembee mpaka Shimo la Mungu na kurudi polepole. Nawe mama mdogo mwenye ufunguo wa ghala, nakuomba kwa heshima zote: ufuta wa mwaka huu, kabla magunia hayajabebwa kwenda mnadani, toa debe moja libaki nyumbani.

Ni mimi mpwa wenu,
Cardiff, Wales