Gazeti la Nani, Sauti ya Nani?



Mara nyingi nasikia watu wazima, hata walimu wenzangu, wakisema: «Magazeti ya watu binafsi ni wachuuzi wa uongo, yakifungwa, inchi itatulia.» Neno hilo nalikataa. Sisi wenye umri huu tunakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya tarehe 24 Aprili 1990, siku Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja. Magazeti yalikisifu chama, na inchi haikutulia, ilinyamaza tu. Kunyamaza si kutulia.

Baada ya siku ile, Le Potentiel, Le Phare, La Référence Plus na mengine ya Kinshasa yalipata nafasi ya kuuliza kwa sauti yale yaliyokuwa yakinong'onwa. Kazi hiyo si ya mchezo. Tarehe 3 Novemba 2005, Franck Ngyke Kangundu wa La Référence Plus aliuawa pamoja na mke wake, nyumbani kwao. Anayewaita waandishi wote wachuuzi, asimame kwanza mbele ya kaburi hilo.

Lakini siwatetei wenye magazeti. Wao hutuambia: «Sisi tuko huru, maana hatuli mkate wa serikali.» Basi mnakula mkate wa nani? Mwandishi asiye na mshahara wa mwezi huenda mkutanoni, na mkutano ukiisha hungojea bahasha. Wenyewe huiita «coupage», wala si siri kwa yeyote wa kazi hiyo. Mkono mtupu haulambwi: mwenye bahasha huandikwa kwa sifa, naye mama aliyekimbia shamba lake hapa Masisi huwa hesabu tu katika mstari wa mwisho.

Tazameni koltani ya Rubaya. Gazeti likiwa mali ya mfanyabiashara wa madini, au ya mwanasiasa anayetafuta kura, je, mwandishi wake atathubutu kuuliza nani anapima mizigo, nani anapokea ushuru, na mchimbaji anabaki na nini? Atauliza habari za adui wa bwana wake. Za bwana wake atazipita kimya. Huo si uhuru. Ni kubadili bwana.

Sheria tunazo: ile ya tarehe 22 Juni 1996, na ile iliyoshika nafasi yake tarehe 13 Machi 2023. Sheria yaweza kumzuia askari asivunje mtambo wa kuchapa. Haiwezi kumpa mwandishi chakula cha jioni. Na hapo kosa ni letu pia. Tunataka gazeti lituseme sisi, lakini wengine ndio walilipie. Tunaazima nakala ya jirani, au tunatazama picha ya ukurasa kwenye simu, kisha tunashangaa kwamba limemsemea aliyelipa.

Kwa hiyo tusiombe magazeti yafungwe. Tuombe kila gazeti liandike wazi jina la mwenyewe na biashara zake. Sisi nasi tukichanga franga kidogo kidogo, tununue nakala moja, tuisome pamoja kwa sauti, na kwa kila habari tuulize: Nani amelipa? Nani hakuulizwa? Msomaji asiyetoa kitu wala kuuliza kitu, asilalamike akiuzwa yeye mwenyewe.