Hati haina jina lake
Jumatatu asubuhi mama lishe wa kituoni kwetu alifunga mtandio hadi kwenye nyusi. "Nimeteleza bafuni, kaka," aliniambia kabla sijauliza, jicho moja limevimba. Wateja tukainamia chapati zetu. Utotoni, jirani alipolia usiku, nyumbani waliongeza sauti ya redio. Nami Jumatatu hiyo, mbele ya wateja wenzangu, nilinyamaza vilevile, na bado inaniuma. Benchi lilipobaki tupu nikamwuliza kwa nini haondoki. "Niende wapi? Kiwanja jina la mume wangu, nyumba jina lake, hata fedha za chai hii jioni anazihesabu yeye." Asiye na jina kwenye hati hana mlango wa kutokea. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inakataza kumpiga mwenzi. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 13, ilimruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15, mvulana akisubiri 18, tofauti ambayo Mahakama ya Rufani iliikataa mwaka 2019. Mama lishe wetu aliozwa akiwa na miaka 15. Ngumi ile ilianza kukunjwa siku hiyo, tena mbele ya wazee waliokula pilau wakabariki. Jumanne alinirudishia chenji bila kuinua uso.