Wito Hauandiki Kitabu: Neno kwa Waandishi Wakristo

Imeenea imani moja miongoni mwa ndugu zetu Wakristo wanaotaka kuandika kwa Kiswahili, nayo ni kwamba mtu akiisha kuitwa, kalamu itajiendesha yenyewe. Tumeikuta imani hiyo katika miswada tunayoletewa sisi walimu wa lugha ili tuisahihishe: miswada ya makatekista, ya wachungaji na ya walimu wenzetu. Aghalabu mswada huja na salamu ya kwamba kazi hii ilitungwa kwa majuma mawili kwa uongozi wa Roho, kwa hiyo tusiguse mno maneno yake. Twataka kuipinga imani hiyo waziwazi, bila kumvunjia mtu heshima, kwa kuwa inamdhuru mwandishi, inamdhuru msomaji, na hapa kwetu Uganda inakidhuru Kiswahili chenyewe.

Na tuanze na mtu aliyeishi katika ziwa letu hilihili. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akaishi kisiwani Ukerewe, upande wa kusini wa Ziwa Viktoria. Lugha yake, Kikerewe, ni ndugu wa Kihaya na wa Kinyoro. Alisomeshwa na wamisionari Wakatoliki, akapitia seminari ya Rubya, akaitumikia misheni kisiwani kwake. Kufikia mwaka 1945 alikuwa amemaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na watoto wao, Ntulanalwo na Bulihwali. Hakupata mchapaji, kwa kuwa wasomaji wa Kikerewe ni wachache. Padri aliyemtia moyo na kuanza kuifasiri kazi hiyo kwa Kifaransa alifariki kabla haijachapishwa. Ndipo Kitereza, mwili wake ukiwa umelemewa na maradhi ya viungo, alipokaa tena kitako na kuifasiri mwenyewe, yote, kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980. Mwaka 1981 mzee alifariki, nakala za kitabu chake zikiwa hazijamfikia mkononi.

Miaka 35! Hebu ndugu zetu wa majuma mawili waipime hesabu hiyo. Hatusemi kwamba kila kitabu sharti kingoje miaka 35. Kungoja kwa namna ile kulikuwa msiba, na waliokuwa na mitambo ya kupigia chapa wanayo lawama yao. Twasema kwamba Kitereza hakuuhesabu ukimya wa wachapaji kuwa hukumu ya Mungu juu ya kazi yake, wala hakuufanya udhuru wa kuiacha. Aliifanya kazi ileile mara mbili, katika lugha mbili. Huo ndio wito tunaoufahamu sisi.

Yako mafunzo mengine ndani ya kitabu chenyewe. Huyu alikuwa Mkristo aliyelelewa na misheni, lakini ukifungua kurasa zake hukuti mahubiri. Wakuta Wakerewe wa zamani, kabla ya wamisionari kufika: namna wanavyolima, wanavyovua, wanavyoposa, wanavyougua na kuuguzwa. Wakuta mke anayesimangwa na jamaa za mume kwa kukosa mtoto, mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua. Na wakuta mume anayekataa kumwacha, anakwenda ukweni kuomba, anatozwa pombe ya ndizi, naye anakubali. Mwandishi alizijua nyumba zisizo na sauti ya mtoto, kwa maana yeye na mkewe hawakubakiwa na mtoto hata mmoja. Hakumlaumu mtu yeyote kwa hilo kitabuni, wala hakuligeuza kuwa mfano wa mahubiri. Alieleza uaminifu wa watu wawili kwa subira kubwa, mpaka msomaji anauona.

Linganisha na miswada tuletewayo. Sura ya kwanza mlevi anampiga mkewe. Sura ya pili mganga anawatapeli. Sura ya tatu mhubiri anafika kijijini, na kufikia sura ya nne wote wameokoka, hata mganga. Hakuna aliyesita wala aliyerudi nyuma. Hakuna hata mwenye dini mkatili, ingawa sote twawajua wenye dini wakatili. Hao si watu, ni vinyago vilivyopangwa ili mwandishi apate mahali pa kutundika mafundisho yake. Msomaji mwenye akili hutambua kwamba amedanganywa juu ya maisha, na akiisha kutambua hivyo hatakuamini tena juu ya mbingu.

Wenzetu wengine hudhani kwamba kuionyesha dhambi ni kuieneza. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa mwingine wa Ukerewe aliyepata elimu ya seminari, alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, kitabu hicho kilizuiwa mashuleni kwa muda. Kilimwonyesha msichana aliyelelewa kwa kipigo cha baba, akafika shuleni na ulimwenguni bila kinga yoyote ya moyo. Walimu tuliokuja kukifundisha baadaye twajua kwamba wasichana hawakijadili kwa kutamani maanguko ya Rosa. Hukijadili kwa kumwogopa Zakaria, baba yake, na kwa kuwafikiria baba zao. Je, ni mahubiri mangapi yaliyofanya kazi hiyo?

Sasa tuje kwenye lugha, kwa kuwa ndipo penye jeraha letu. Katika Uganda Kiswahili kimekuja kwa njia ngumu. Mwishoni mwa karne ya 19 Askofu Alfred Tucker alikipinga, akiona kwamba kimefungamana mno na Uislamu. Miaka mingi baadaye, mwaka 1973, kilitangazwa kuwa lugha ya taifa kwa amri ya serikali ya kijeshi, na watu wengi wa makamo yetu na zaidi walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kikiamrisha na kutukana. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa hiyo wako watoto wengi ambao kitabu cha kwanza cha Kiswahili kitakachoingia nyumbani mwao kitatoka kanisani. Ikiwa kitabu hicho kimejaa "kitabu yangu" na "mtoto ile," ikiwa kila sentensi yake ni Kiingereza kilichovishwa kanzu, basi mtoto atajifunza kwamba lugha hii haina uzuri, nasi tutakuwa tumemthibitishia maneno ya baba yake.

Msituambie kwamba Kiswahili si lugha ya mama zetu. Mathias Mnyampala hakuzaliwa pwani. Alikuwa Mgogo wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Mkatoliki huyu alijifunza utunzi wa pwani kwa bidii ya mwanafunzi: mizani minane kwa kila kipande, vipande vitatu vya kwanza vikishirikiana kina, cha nne kikishika kina cha bahari kutoka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Kisha akaichukua bahari hiyo ya utenzi, iliyonolewa kwa karne nyingi na washairi Waislamu, akasimulia kwayo habari za Yesu. Utenzi wa Enjili Takatifu ulitoka Ndanda mwaka 1963. Watunzi wa Kiswahili hawakumwuliza anasali wapi. Walimfanya mwenyekiti wa UKUTA, chama chao cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, na Ngonjera za UKUTA zilizochapishwa kuanzia mwaka 1970, baada ya kufa kwake, zilisomwa na kuigizwa na watoto wa dini zote.

Basi Mkristo anayeogopa kujifunza kwa Mwislamu ataandika nini kwa Kiswahili? W. E. Taylor, mmisionari wa Mombasa aliyetumwa na chama kilekile kilichomtuma Askofu Tucker, alikaa miguuni pa Mwalimu Sikujua ili azikusanye na kuzifahamu tungo za Muyaka. Hakupoteza imani yake kwa kufanya hivyo, alipata lugha. Anayetaka kuwaandikia watu juu ya mauti na asome Al-Inkishafi kwanza. Anayetaka kuandika wosia wa mzazi na asome Mwana Kupona. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hapa tutapingwa. Tutaambiwa kwamba wavuvi wa Galilaya hawakuwa wasomi, na neno lao lilienea duniani. Twajibu kwamba hoja hiyo haikusoma Biblia vizuri. Luka, katika maneno yake ya kwanza kabisa, aeleza kwamba aliyachunguza mambo yote tangu mwanzo kabla ya kuyaandika kwa taratibu. Na katika kitabu cha Yeremia, sura ya 36, twasoma habari ambayo kila mwandishi Mkristo angepaswa kuijua kwa moyo. Baruku aliandika gombo zima kwa imla ya nabii. Mfalme Yehoyakimu akawa analikata vipande kwa kisu cha mwandishi na kuvitupa katika moto wa makaa, hata likaisha. Yeremia na Baruku walifanya nini? Walichukua gombo jingine, wakaandika yote upya, na la pili likawa na maneno mengi kuliko la kwanza. Ikiwa nabii mwenyewe aliandika mara mbili, sisi ni nani hata tukasirike mhariri anapoturudishia sura moja?

Kuna fundisho jingine, nalo linamhusu anayetulisha. James Mbotela wa Freretown, ambaye jamaa yake ilitoka utumwani, alitoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Anaposimulia mateso ya mateka na safari zao, kitabu kina nguvu mpaka leo. Lakini panapokuja sifa za Waingereza, sauti hubadilika, na msomaji wa leo hupita haraka. Hatumhukumu; aliandika katika zama zake, chini ya watawala wake. Ila na tujifunze kwamba kurasa zilizoandikwa ili mfadhili afurahi huzeeka kabla ya mfadhili mwenyewe. Leo mfadhili wetu aweza kuwa dayosisi, au shirika la ng'ambo linalotaka kijitabu juu ya jambo fulani kabla ya mwisho wa mwaka. Kazi hiyo si haramu. Lakini anayeandika hiyo tu kwa miaka ishirini hana haki ya kushangaa akiona hana kitabu.

Na ujira? Hili ndilo jambo ambalo watu wa kanisa hawapendi litajwe. Mwandishi anapouliza malipo huambiwa kwamba kazi ya Mungu ni sadaka. Vema, lakini muuza karatasi amelipwa, mpiga chapa amelipwa, dereva aliyevibeba vitabu amelipwa, na aliyeshona majalada amelipwa. Katika msururu huo wote ni mtu mmoja tu anayekumbushwa thawabu za mbinguni. Twaita hiyo dhuluma, hata ikifanywa kwa maombi. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 ilimpa mwandishi haki juu ya kazi yake maisha yake yote, na warithi wake miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa nini basi auze haki hiyo kwa fedha za siku moja, kwa karatasi asiyoisoma, kwa sababu tu aliyemletea amevaa kola ya kikasisi?

Vijitabu vya bure navyo tuvitazame upya. Kinachogawiwa bure siku ya mkutano huokotwa uwanjani jioni. Msomaji aliyezoea kupewa hanunui, muuza vitabu asiyeuza hafungui duka, na mahali pasipo duka la vitabu mwandishi hana wa kumsoma ila jirani zake.

Hata hivyo, tusimdanganye kijana. Mrabaha wa vitabu vya Kiswahili katika nchi zetu haujengi nyumba. Mtume Paulo alishona mahema huku akiandika nyaraka, wala hatusomi kwamba aliona aibu. Mwandishi na awe na kazi yake: ualimu, uganga wa hospitali, ukulima, uashi. Kazi hiyo itampa chakula, na itampa watu wa kuandika habari zao. Na apate saa yake ya kuandika kila siku, hata ikiwa moja, kabla nyumba haijaamka.

Ndugu waandishi, twawaomba mambo machache yaliyo wazi. Mswada ukiisha, uwekeni kando miezi mitatu, kisha usomeni kwa sauti mbele ya mtu asiyewapenda sana. Mpelekeeni mwalimu wa lugha kabla ya kumpelekea askofu. Msitie sahihi mkataba mliosoma peke yenu. Nasi walimu, kwa upande wetu, tusikae tukicheka makosa ya "mtoto ile" katika vyumba vya walimu. Kila tawi la chama chetu na liteue siku moja kwa mwezi ya kusoma miswada ya waandishi walio karibu nalo, wa dini yoyote, na kuwaambia kweli. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tumechoka kuvitembeza vitabu vyetu milangoni mwa makanisa; na tuandike vile ambavyo watu watavitafuta.