Bei ya nyumba haiko tu ile wanakuambia

Wandugu na wadada wa Kipushi na Lubumbashi,

Kwenye kuta nyingi za miji yetu kuna maandiko makubwa ya rangi: «Nyumba hii haiuzishwe». Mwenye nyumba anaandika vile juu anaogopa ndugu, jirani ao komisionere atauzisha nyumba wakati yeye amesafiri. Watu wakijilinda na rangi ya ukuta, ni kusema karatasi hazitoshi kuwalinda.

Mgodi wa Kipushi ulisimama 1993. Mwaka 2024 ulianza tena kutosha zinki. Kijana anayepata kazi anafikiria kuacha kupanga. Tuseme wanamuonyesha nyumba ndogo: vyumba 2 na saluni, matofali ya kuchoma, dola 9 000. Feza hiyo anayo, lakini hana hata dola 100 zaidi. Anafikiri amefika.

Hajafika. Kuko komisionere. Kuko chefu wa karche na mashahidi. Kuko notere wa kuhakikisha karatasi ya mauzo. Kuko watu wa kadastre wa kupima na kuangalia mipaka. Kuko haki ya Serikali ya kubadilisha jina, inayohesabiwa kufuata bei ya nyumba. Mwisho, sertifika mpya kwa konservatere. Kila mlango una bei yake, na mara nyingi bei iko mu kinywa cha mtu, haiko ukutani. Feza inaisha katikati ya njia, kijana anabaki na karatasi ya mauzo tu.

Hapo ndipo hatari iko. Kwetu udongo ni wa Serikali: sheria ya tarehe 20/07/1973 ilisema wazi. Unachonunua ni nyumba na haki ya kukaa na kutumia kiwanja, na haki hiyo inatambuliwa kwa sertifika. Tena, sertifika ikipita miaka 2, sheria inaikinga. Anayelia kwamba alinyanganywa anabaki kudai malipo tu. Kwa hiyo mwenye karatasi ya mauzo anaweza kulala mule miaka 10, kisha siku moja mtu mwingine anakuja na sertifika. Vilevile mjane na watoto: kama ndugu mmoja ameuzisha nyumba ya marehemu kwa siri, siku zao zinahesabiwa bila wao kujua.

Wengine watatuambia: ninyi hamna kazi, mambo ya nyumba yanawahusu nini? Wengi wetu tunalala mu nyumba ya baba. Siku baba hatakuwako tena, swali la karatasi litakuwa letu.

Tunaomba mambo 3:

1. Ofisi za udongo zibandike mlangoni bei ya kila karatasi.
2. Malipo yote yapite benki, na risiti.
3. Kabla ya kununua, mtu apewe jibu la maandishi: sertifika iko kwa jina la nani, kuko deni ao kesi juu yake?

Na sisi tuamke. Usitoshe avansi kabla ya kwenda wewe mwenyewe kwa konservatere. Kama ni nyumba ya marehemu, omba kuona sahihi za wariti wote, si ya mukubwa wa familia peke yake.

Leo jioni uliza nyumbani: karatasi ya hii kiwanja iko wapi, na iko kwa jina la nani?